Ukienda Makumbusho ya Muziki Seattle, Nenda na Masikio ya Tabora

Kama una ndugu Marekani na viza imetoka, au kozi ya kazini imekupeleka Seattle, kila mtu atakuambia upande mnara wa Space Needle. Panda ukitaka. Lakini kama umewahi kushika gitaa, kupiga tumba kwenye kwaya, au kusimamia spika za harusi pale mtaa wa Ng'ambo, Tabora, chini ya mnara huohuo kuna jumba la mabati yaliyopindwa ovyo, jekundu huku, la samawati kule, na treni ya reli ya juu inapita katikati yake. Hilo ndilo MoPOP, yaani Museum of Pop Culture, makumbusho ya muziki na utamaduni wa kisasa. Anzia hapo.

Jumba lilijengwa kwa fedha za Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wawili wa Microsoft, na kuchorwa na Frank Gehry. Lilifunguliwa mwaka 2000 kwa jina la Experience Music Project. Allen alikuwa mpenzi wa kupindukia wa Jimi Hendrix, aliyezaliwa Seattle mwaka 1942, yule mpiga gitaa wa mkono wa kushoto aliyelipindua gitaa la watu wa kulia, akageuza mpangilio wa nyuzi, akalipiga. Ndiyo maana habari za Hendrix zimejaa humo. Siku hizi kuna pia mambo ya filamu za kutisha na hadithi za kisayansi. Sehemu hizo niliwaachia vijana.

Maandalizi ya safari hii yanaanzia Tabora, wala si uwanja wa ndege. Mji wetu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukawa na Tabora Jazz iliyotamba kwa mtindo wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz nayo haikuwa nyuma. Kabla hujasafiri, tafuta wimbo mmoja wa bendi hizo, vaa hedifoni, ukae nao jioni kadhaa. Safari ya kwanza fuata gitaa la solo tu. Ya pili fuata rithimu, ujue anapiga nini mtu ambaye hakuna anayemshangilia. Kisha besi, kisha tumba. Ukifika kwenye chemko, pale wimbo unapopamba moto, sikiliza nani anaachia na nani anabaki palepale kushikilia wimbo usimwagike. Utaona si rahisi. Sauti zimeshikana.

Zimeshikana kwa sababu zilirekodiwa zikiwa zimeshikana. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi iliingia studio ikapiga wimbo mzima kwa pamoja, waimbaji na wapigaji, na mpuliza saksafoni akiteleza beti ya mwisho wote wanarudi mwanzo. Huko Marekani walikuwa wamekwisha kupata njia nyingine: mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimkabidhi mpiga gitaa Les Paul mashine ya treki nane, kila chombo na njia yake kwenye kanda moja, hata mtu mmoja aliweza kujirekodi mara nyingi juu ya sauti yake mwenyewe. Ukiwa na picha hiyo kichwani, chumba kiitwacho Sound Lab kitakufaa. Usipokuwa nayo utaona mashine zenye taa tu.

Sound Lab ndiyo sehemu ya kugusa: magitaa ya umeme, ngoma, sampla (mashine za kunasa kipande cha sauti na kukirudia), madeski ya kuchanganyia sauti. Fika jumba likifunguliwa, siku isiyo ya wikiendi, na uelekee huko moja kwa moja kabla hujatazama kabati hata moja la vioo. Vitu vilivyo nyuma ya kioo vitakusubiri. Gitaa lenye foleni ya watoto wa shule halikusubiri. Tiketi bei yake hupanda na kushuka kulingana na siku, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako aitazame mtandaoni mapema.

Sisi tuliolelewa kwenye makumbusho ya "usiguse" tunapata shida hapa. Ukienda Kwihara kwenye tembe la Livingstone, unatembea mikono nyuma kama mgeni ukweni, na ni sawa, pale ndivyo inavyotakiwa. Kule Seattle nilisimama hivyohivyo hadi mtoto wa dada yangu akanisukuma: "Mjomba, gusa bwana, hapa hawakatazi mtu." Gusa. Kifaa kinakupa maelekezo ya kupiga vipande vya roki. Jaribu kimoja kwa adabu, kisha achana nacho upige cha kwenu. Mimi nilipiga rithimu ya dansi, ile ya kukata kata juu ya nyuzi nyembamba, na kijana wa pembeni akaanza kutafuta besi yake bila kuulizwa. Hatukujuana majina.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, saa yako nzuri ipeleke kwenye deski la kuchanganyia sauti. Wengi hulipita kwa sababu halipigi kelele yake lenyewe. Zima vyombo vyote ubakize besi. Ongeza ngoma. Sasa ingiza sauti ya mwimbaji, na uone jinsi inavyozama gitaa likiingia. Mkono utakwenda wenyewe kumpandisha mwimbaji. Uzuie. Shusha gitaa badala yake, kidogo tu, na mwimbaji atatokea mbele ingawa hujamgusa. Halafu chezea mwangwi: mtie mwingi uone anavyorudi nyuma kana kwamba anaimbia Boma na wewe uko stesheni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini harusi zetu nyingi zinaumiza masikio. MC halisikiki neno lake, fundi anapandisha maiki. Keyboard inafunikwa, naye anaipandisha. Mwisho kila kitu kiko juu kabisa, spika zinakoroma, na bibi harusi haelewi anaombewa dua gani. Kama unafanya kazi ya muziki Tabora, au Kigoma ambako vijana wanafungua studio kila kukicha, somo la kushusha pekee linalipa nauli ya kufika kule. Sikukuta nafasi ya kulifanya kwa utulivu namna ile mahali pengine, maana kwenye shughuli ya watu huwezi kujaribu.

Mnara wa magitaa utauona tu, huwezi kuukosa: zaidi ya ala 500 zimesukwa pamoja kwenda juu na msanii aitwaye Trimpin, na baadhi zinajipiga zenyewe kwa kompyuta. Piga picha, endelea.

Usiende ukitegemea kumkuta Salum Zahoro ukutani. Katika vyumba nilivyopita sikuona dansi wala taarabu, wala Siti binti Saad aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuimbia santuri. Kuna waliokasirika nilipowasimulia. Mimi sikasiriki, Seattle imejihifadhia watu wake, na hakuna aliyetuzuia kuwahifadhi wetu.

Kwa hiyo ukirudi, ile hamu ya kugusa ipeleke kwa wazee waliopiga, nao bado wapo mitaani. Mzee mmoja wa Isevya aliyekuwa akipiga besi nilimwendea asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka nikupigie au nikueleze?"

Jibu ni vyote, ila anza na kueleza, vidole vipate moto. Uliza bendi, mwaka, nani alishika solo, nani alitunga, walirekodi wapi, walilipwaje. Omba ruhusa ya kurekodi, na useme utaipeleka wapi sauti yake. Simu inatosha: iweke juu ya kanga iliyokunjwa, kama urefu wa mkono kutoka alipo, zima feni, weka hali ya ndege asije akapiga mtu katikati ya hadithi. Chumba chenye godoro na mapazia kina sauti safi kuliko sebule ya vigae. Na fanya kiangazi, maana mvua za Novemba zikianza kupiga bati hakuna deski duniani litakalokuokoa. Faili lake usilirushe WhatsApp kama ujumbe wa sauti, linabanwa. Litume kama dokumenti, na nakala nyingine ikae nje ya simu. Kompyuta ukiwa nayo, programu ya Audacity ni ya bure na ina treki kama zile za Seattle.

Ukiwa bado hapo, ulizia kaseti. Karibu kila nyumba ya mwanamuziki ina mfuko wake juu ya kabati. Usiicheze papo hapo. Izungushe mbele na nyuma taratibu kwanza, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, na kabla ya yote vunja vile vijimeno viwili vya mgongoni mwake ili isirekodiwe juu yake, kwa sababu redio kaseti ina kitufe chekundu cha kurekodi, na nyumba ya mzee haikosi wajukuu.