Maswali ya wanaouguza nyumbani: mseto, sukari, insulini na presha

Mwanangu ana miaka miwili, kilo 12. Amekutwa na malaria, nikapewa dawa ya mseto. Dozi ya kwanza kaitapika. Nimrudishie? (Mama, Kilosa)

Kama ametapika kabla nusu saa haijapita, mpe dozi nzima tena, kisha rudi kituoni wakuongezee kidonge ili vitimie 6. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge 1 kila dozi, dozi 6 kwa siku 3. Ukianza saa 2 asubuhi, cha pili mpe saa 10 jioni, yaani saa nane baadaye. Kuanzia kesho yake mpe saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Hiyo dozi ya pili ndiyo wazazi huikosea, maana wamesikia "asubuhi na jioni" wakasubiri hadi usiku.

Ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili. Artemeta hushambulia vimelea kwa kasi na kuisha mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia waliosalia, ila bila mafuta tumboni hainyonywi vizuri. Ukimpa kidonge na maji matupu, nusu ya kazi umeiacha. Mnyonyeshe, au mpe maziwa, au uji uliotiwa karanga. Homa huweza kushuka mapema. Vidonge vilivyobaki ni vyake, si vya kumwekea mdogo wake.

Akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akipata degedege au akilegea asiamke, usihangaike na vidonge tena. Hiyo ni malaria kali, inataka sindano ya artesuneti. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Mama mkwe anameza glibenklamidi, dawa ya kisukari. Juzi alfajiri tulimkuta ameloa jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Jirani akasema ni mashetani. (Mkwe, Tanga)

Sukari ilishuka. Glibenklamidi hulazimisha kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Mzee aliyelala bila chakula, au ambaye figo zake zimechoka, ndiye huangukia hapo, na mara nyingi ni usiku.

Kama anaweza kumeza, koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Soda ya kawaida nusu chupa inafaa pia, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15. Kama bado, au kipimo cha sukari kiko chini ya 4 (mmol/L), rudia. Akipata nafuu ale mkate, ndizi au uji, kwa sababu sukari ya glasi haikai. Akiwa hajitambui usimtie kitu chochote mdomoni. Kitapita kwenye njia ya hewa. Mlaze ubavu, mtafute gari.

Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyo. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Mwelezeni daktari, huenda akambadilishia. Metfomini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kuleta hali hii.

Hatuna friji. Insulini nitaiweka wapi? (Msomaji, Singida)

Chukua vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine. Jaza mchanga katikati, uloweshe kila siku, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa ifunge kwenye mfuko wa plastiki, lebo isitoke. Andika tarehe uliyoifungua: baada ya wiki 4 itupe, isipokuwa karatasi yake inasema vingine. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma 30 kwa siku atabakiwa na kama 160. Inauma kuzimwaga, tunajua, lakini nguvu zake hazina uhakika tena.

Insulini yenye rangi ya maziwa izungushe taratibu kati ya viganja mpaka ichanganyike. Usiitikise, kwani mapovu hupunguza kipimo kwenye bomba. Ikionyesha chembe zilizoganda ukutani mwa chupa, au iliwahi kuganda barafu, usiitumie.

Kijiko cha nyumbani kinatosha kupimia parasetamoli ya mtoto?

Hapana, vijiko havilingani. Tumia kikombe kilichokuja na chupa, au bomba lisilo na sindano. Soma lebo kwanza: kuna ya miligramu 120 kwa mililita 5, na kuna ya 250. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kila baada ya saa 6, kwa hiyo mililita 5 za ile ya kwanza zinamtosha, na za ile ya pili zinamzidia. Angalia pia dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Zikiunganishwa, ini ndilo linaloumia.

Baba anatumia amlodipini ya presha, miguu yote imevimba. Aache?

Asiache mwenyewe, presha itapanda. Dawa hii hutanua mishipa midogo na maji huvuja kwenye vifundo, hasa kwa miligramu 10. Ndiyo maana vidonge vya kukojoa havisaidii sana. Kliniki inaweza kumshusha hadi 5 na kumwongezea losatani, dawa nyingine ya presha. Lakini akivimba mguu mmoja tu ukiwa na maumivu, au akikosa pumzi akilala chali, aende hospitali leo.