Usikwangue rangi kabla hujafungua boneti

Mkuu, weka chini huo msasa. Mengine tutaongea baadaye.

Umeandika kwamba mna msafara wa magari matano ya zamani kutoka Mtwara hadi Kilwa, wewe una Morris Minor ya 1962, umenunua redio ya CB, ile ya kuongea gari kwa gari, na muuzaji amekwambia ukwangue rangi ya gari mpaka bati ling'ae ndipo ufunge kitako cha antena kwa bolti. Halafu ukauliza redio inafika kilomita ngapi, na kama kuna kibali. Mimi nilifika kwenye neno "ukwangue" nikasimama hapo hapo. Niliambiwa maneno hayo hayo, nikayafuata, nikaunguza waya za gari zima.

Fungua boneti uangalie betri. Ule waya mnene uliofungwa kwenye bodi ya gari umetoka nguzo ipi, hasi au chanya? Usinijibu "hasi, kama magari yote." Magari ya leo, sawa. Morris Minor ilitoka kiwandani chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, na Land Rover za miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini hivyo hivyo. Kama hakuna fundi aliyelibadilisha gari lako miaka yote hii, basi kuanzia bampa mpaka bawaba za mlango ni chanya tupu.

Langu ni Land Rover 109 ya 1964. Lilikuwa la mjomba, limeshusha korosho kutoka Newala kwenda Mtwara misimu mingi kabla halijafika mikononi mwangu. Tulikuwa magari sita, tumelala Lindi, tunakwenda Masasi kisha tupande Newala, asubuhi yake tukasimame Shimo la Mungu tulitazame bonde la Ruvuma. Redio tulizitaka kwa sababu simu inampata mtu mmoja mmoja. Kwenye redio ukisema "ng'ombe mbele" wote wamesikia kwa mara moja.

Na nataka mjue kwamba sikufunga ile redio kibubusa. Watakaocheka wacheke, lakini nilijua kabisa kwamba bodi yangu ni chanya. Nikaiweka redio juu ya kipande cha mninga, chini nikatandika raba, chuma chake kisiguse gari popote. Waya mwekundu wa redio, ule wa chanya, nikaupeleka kwenye bodi; mweusi, ule wa hasi, nikaupeleka moja kwa moja kwenye nguzo hasi ya betri. Fyuzi ilikuwa kwenye waya mwekundu, vile vile ilivyotoka kiwandani. Redio ikawaka, nikawasikia wenzangu.

Shida ikawa antena. Ile ya sumaku haikushika kwa sababu bodi ya Land Rover ni alumini, kwa hiyo nikafunga ya bolti kwenye madigadi ya kushoto, juu ya rangi. Nikaweka mita ya SWR, ile inayoonyesha kama antena inapokea nguvu ya redio au inairudisha, ikasoma zaidi ya 3. Inatakiwa iwe chini ya 2, na ikikaa 1.5 ni vizuri zaidi. Ikizidi 3, sehemu ya nguvu iliyotakiwa kutoka kwenye antena inarudi kwenye redio, na ukiendelea kubonyeza maiki unaweza kuunguza transista ya mwisho. Nikampigia aliyeniuzia, yuko Dar. Sikumficha kitu. Nikamwambia ni Land Rover, ni ya 1964, antena iko kwenye madigadi. Hakuniuliza swali hata moja. Akajibu: "Hapo hujapata bodi, mzee. Kwangua rangi mpaka uone chuma, kaza, maliza kazi."

Tulikuwa tumesimama Mnazi Mmoja, pale njia inapogawanyika, moja Masasi na nyingine Mtwara. Nikachomoa plagi ya antena nyuma ya redio, nikakwangua, nikakaza bolti, nikarudi kuifunga plagi. Haikumaliza hata mzunguko mmoja. Cheche ikaruka, plagi ikang'ang'ania pale pale kama imechomelewa. Ganda jeusi la waya wa antena likaanza kutoa malengelenge, yakapasuka, likadondoka matone matone kwenye raba ya miguuni. Chini ya dashibodi ule waya mweusi ukaiva mwekundu kama chuma cha mhunzi, na kila waya uliofungwa nao kwenye fungu moja ukaanza kuungua pamoja nao. Mpwa wangu alinyakua kanga ya mama mmoja aliyekuwa anauza korosho, akazungushia mkono, akaung'oa waya wa betri. Bila yeye ningekuwa naandika habari nyingine. Fyuzi nilikuja kuitoa jioni: nzima, uzi wake unang'aa.

Sasa elewa kilichotokea, maana ndicho kitakachokupata. Redio nyingi za leo, chuma chake chote kimeunganishwa na hasi. Ule wavu wa nje wa waya wa antena umeunganishwa na chuma hicho hicho. Kwa hiyo wavu wa antena ni sawa na waya mweusi, na waya wangu mweusi ulitoka kwenye betri bila fyuzi yoyote njiani. Kitako cha antena kikigusa bodi, hasi ya betri imekutana uso kwa uso na chanya. Mbao haikusaidia, raba haikusaidia. Kilichokuwa kinazitenganisha siku zote ni rangi, na mimi nikaikwangua kwa mkono wangu.

Redio ilikuwa laki tatu na nusu, ikafa. Fundi rewaya wa Masasi alichukua laki tisa na siku nne kutandika waya upya. Wenzangu walipanda Newala bila mimi.

Yule muuzaji bado ananiuma mpaka leo. Ushauri wake ni sahihi kabisa kwa mwenye Corolla. Lakini mtu amekutajia gari la 1964, wewe unayeuza vifaa vya umeme wa magari unashindwaje kuuliza bodi ni hasi au chanya? Ni swali la sekunde tano. Na wa kwako naye umemtajia Morris Minor, mwaka umemtajia, akakupa jibu lile lile. Wanauza kitu wasichokijua, gharama inabaki kwa mnunuzi.

Kama umekuta ni chanya, mimi naona njia mbili. Ya kwanza ni ipe redio betri yake peke yake. Betri ya bodaboda ya volti 12 inatosha: CB ya wati 4 ukiwa unaongea inakula kama ampea 1 mpaka 2 hivi, ukiwa unasikiliza tu ni kidogo sana. Usiiunganishe na betri ya gari hata kwa waya mmoja, wala usiichaji kutoka kwenye gari. Ichaji usiku ukifika mnapolala. Hapo kwangua rangi utakavyo.

Ya pili ni kuligeuza gari liwe hasi kwenye bodi. Mimi ndivyo nilivyofanya baadaye, lakini tafuta fundi mtu mzima aliyezoea dainamo, ile ya zamani ya kuzalisha umeme wa gari; hawa vijana wamekulia kwenye altaneta za magari ya kisasa. Unageuza waya za betri, unabadilishana zile waya mbili nyembamba za koili ya plagi, na kama gari lina ammita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, unageuza na zake. Kisha unachomoa waya kwenye nguzo ya F ya dainamo, unaigusisha F hiyo na waya uliotoka chanya ya betri, mguso mfupi tu, ili dainamo ishike mwelekeo mpya. Ukiruka hatua hiyo dainamo itachaji kinyume. Pampu ya mafuta ya Morris ni ya umeme: kama imewahi kubadilishwa ikawekwa ya kisasa, uliza kwanza, zipo zisizokubali kugeuzwa.

Na waambie wenzako wote wanne wafungue boneti, usiwaachie. Kama kuna mwenye Volkswagen ya kabla ya 1967, betri yake huenda ni ya volti 6, redio ya volti 12 haitafanya kazi kabisa humo.

Kibali waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hamjawasha kitu. Umbali ni kilomita chache, na kilima kikiwa katikati yenu zinapungua zaidi, kwa hiyo msiachane sana.

Piga picha ya betri, nguzo zote mbili zionekane na waya unaokwenda kwenye bodi uonekane unapoishia. Iweke hapa leo. Nipo, nasubiri.