Maswali na Majibu: Geji ya Mafuta Inapokudanganya Baharini

Barua nyingi safari hii ni za geji za mafuta, na karibu kila mwandishi ameshaambiwa anunue kitu. Twende moja moja.

Shikamoo fundi. Boti yangu ni ya faiba, ina tangi la plastiki la petroli chini ya sakafu. Nimejaza mpaka mdomoni lakini geji imelala kwenye E (tupu), haipandi F (limejaa). Fundi wa huku Deep Sea anasema floti ya tangini imekufa, ninunue nyingine. Ninunue? – Msomaji, Tanga mjini

Marahaba mwanangu. Pesa yako iweke mfukoni kwanza. Floti ni kile kifaa cha tangini chenye boya kwenye mkono; boya likipanda na kushuka na mafuta, kinabadilisha umeme unaofika kwenye geji. Nyuma ya geji utakuta skrubu tatu za waya: I inaleta umeme kutoka kwenye swichi, S inatoka kwenye floti, G ni ya ethi, yaani upande hasi wa betri. Geji nyingi za boti zinafuata vipimo vya Kimarekani: floti inatoa ukinzani wa omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likijaa. Kwa geji ya namna hiyo, waya wa S ukikatika mshale unaanguka E, ukigusa ethi unapanda F. Kwa hiyo E ya moja kwa moja na tangi limejaa inanifanya nishuku waya kabla ya floti.

Washa swichi, chomoa waya wa S kwenye geji, kisha unganisha S na G kwa kipande cha waya. Jaribio hili lifanyie hapo kwenye dashibodi, kamwe usilifanyie juu ya tangi. Mshale ukipanda F, geji ni nzima. Sasa zima swichi, weka mita ya umeme kwenye omu, upime kati ya ule waya wa S uliouchomoa na ethi. Mita isiposoma kitu, njia imekatika mahali. Ikisoma karibu 240 na tangi limejaa, boya limetoboka na kuzama, au mkono umekwama.

Tangi lako ni la plastiki, na plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo floti lazima iwe na waya wake wa ethi kwenye kifuniko. Uangalie huo kabla ya yote. Maji ya chumvi huula kimyakimya: kwa nje unaonekana mzima, ukiuvuta unakatikia mkononi na ndani shaba imegeuka unga wa kijani.

Nimefunga floti mpya. Tangi likiwa tupu geji inaonyesha F, nikijaza mshale unashuka. Nimebadilishana waya, wapi. – Pangani

Waya hauna kosa, kaka. Umeozesha geji ya Kimarekani kwa floti ya Kiulaya. Floti za Ulaya zinakwenda kinyume: karibu omu 10 tupu, karibu 180 zikijaa. Badilisha kimoja kati ya hivyo viwili. Ukienda dukani nenda na mita, shika floti mkononi, shusha mkono wake halafu uinue, usome mwenyewe kabla hujalipa. Maandishi ya kwenye boksi siyaamini sana.

Geji ikifika nusu nadhani niko salama, kumbe kutoka nusu hadi kuishiwa ni muda mfupi mno. Majuzi nusura tulale kwenye kisiwa cha mchanga cha Maziwe. – Mvuvi, Kigombe

Na Maziwe maji yakijaa hapana hata pa kulala! Pole sana. Geji yako haina ubovu. Inapima kimo cha mafuta, lita haizijui. Tangi lililokatwa kufuata umbo la boti ni jembamba chini na pana juu. Kama ubavu wake ni V kamili, nusu ya kimo ni robo tu ya mafuta: tangi la lita 80 limebaki na 20 wakati mshale umesimama katikati.

Dawa ni kulipima tangi lako mwenyewe. Subiri limalizike, boti ielee sawasawa na mizigo yake ya kawaida. Mimina lita 10 kwa kipimo unachokiamini, acha mafuta yatulie, angalia mshale uko wapi. Kama mdomo wa tangi umenyooka, tumbukiza na ufito mkavu uliopakwa chaki: petroli inaacha mstari wa giza, lakini inakauka upesi, basi weka alama hapo hapo kwa kisu. Rudia mpaka lijae. Andika jedwali dogo, libandike karibu na usukani. Ufito utunze, maana siku umeme ukizima ndiyo geji yako.

Kumbuka pia mashine ikivuta kwa nguvu omo (mbele ya boti) inapanda na mafuta yanakimbilia tezi (nyuma). Floti iliyofungwa nyuma itasoma zaidi ya kilichopo. Punguza mwendo ndipo usome.

Mimi kwa safari ya Pemba, takribani kilomita 50 za maji, sikubali mtu aondoke bila theluthi ya akiba, geji iseme itakavyo.

Naweza kupaka silikoni badala ya gasketi kwenye kifuniko cha floti? – Mkinga

Silikoni ya kawaida, hapana. Petroli inailainisha, vipande vinaingia kwenye filta. Weka gasketi ya mpira unaostahimili mafuta, kaza skrubu kwa kuruka upande huu na upande huu, kidogo kidogo. Kifuniko chenye matundu matano kwa kawaida kinakaa kwa namna moja tu, usikilazimishe. Kabla ya kufungua chomoa betri, fungua milango yote, sigara iwe mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unajikusanya kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na kusubiri cheche.

Kusi likivuma mshale unacheza kama kichaa. Ninunue floti ya bomba? – Sahare

Ukiwa na uwezo, ndiyo. Boya lake linapanda na kushuka ndani ya bomba, mawimbi hayalitikisi sana. Pima kina cha tangi kabla ya kununua, kwa sababu bomba halikunjwi, na liwe fupi kidogo kuliko kina. Ukibaki na ya mkono, hakikisha boya haligusi sakafu ya tangi wala kuta za ndani.

Mimi natumia tangi la kubebea, geji yake iko juu ya tangi na haina waya. Imeganda. – Moa

Hiyo ni ya boya na mtambo mdogo tu. Fungua, isuuze kwa petroli safi, sogeza boya kwa kidole. Lisiposogea, nunua kifuniko kipya.