Mume wangu aliomba apunguziwe friji, nikatorokea kwa gari

Anti, habari yako. Mimi niko na miaka 31, nimeolewa mwaka wa tatu sasa. Jumamosi iliyopita tulienda kununua friji huko Thika Road, si duka la mtaani, ni yale yako na matawi kila mahali, hewa baridi na muziki wa polepole. Friji ilikuwa imeandikwa 68,995. Mume wangu akamuuliza yule kijana wa sales, "Sasa bosi, bei ya mwisho ni ngapi?" Anti, niliomba ardhi ipasuke. Akaendelea ati huko Luthuli, kwa maduka ya elektroniki tao, ameiona na 62, mara hii iko na mkwaruzo hapa kando, mara "kwani hii bei ni ya watalii?", na kuna watu wawili nyuma yetu wanasikiza. Nikajifanya nimepigiwa simu nikaenda nikakaa kwa gari. Alilipa 64,000 na wakatuletea mpaka nyumbani bure lakini tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato, anasema nilimkana mbele ya watu. Mimi naona ni yeye aliniaibisha. Hizo ni vitu za kufanyia soko la Gikomba. Nani ako na makosa?
Mwenye Aibu, Donholm

Mwenye Aibu mwanangu, kwanza niambie, mara ya mwisho kununua nyanya ulilipa vile mama mboga alisema? Hatujawahi kuonana lakini nakujua, wewe ni wa "mama si uniongezee moja", na ukiingia soko la mitumba la Toi ukiitishwa 500 kwa blausi unasema 150 bila hata kupepesa jicho. Sasa huyo mama aliamka usiku wa manane akaenda soko la jumla la Marikiti, akabeba kreti, akalipa mkokoteni, akalipa kanjo, na hako ka-shilingi kumi ndio faida yake na ndiko wewe unataka. Halafu ukifika kwa mwenye kuuza friji ya elfu sitini na kitu unakuwa mpole kama mtu ako kwa foleni ya komunyo.

Sikugombezi, juu hata mimi nilikuwa hivyo. Kuna wakati nilinunua televisheni kwa duka la aina hiyo, nikalipa vile kibandiko kilisema mpaka shilingi ya mwisho, nikasema asante sana. Wiki hiyo hiyo jirani yangu wa ghorofa ya chini akanunua hiyo hiyo, duka hilo hilo, akatolewa 3,500 na akapewa bure ile chuma ya kuifunga ukutani, ambayo mimi nilikuwa nimeilipia. Nikamuuliza ulifanyaje, akaniangalia kama mtu haelewi swali, akasema "niliuliza tu". Sikulala vizuri hiyo siku, nakuambia ukweli.

Hewa baridi na taili zinazong'aa ndizo zinatufunga mdomo, tunadhani kuuliza bei hapo ni kusema hatuna pesa. Lakini hao pia wanatuhitaji. Ile supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na ndovu mkubwa kwa nembo na matawi mpaka nchi jirani, nani angedhani siku moja wadai wake watapiga kura ifungwe, na ikafungwa mwaka wa 2020. Duka likiwa na friji imekaa pale miezi, inashika vumbi na kodi ya jengo inalipwa kila mwezi, meneja anafurahi kuona mtu amekuja na pesa taslimu kuliko vile unafikiria. Kijana wa sales naye mara nyingi ako na lengo la kufikisha mwisho wa mwezi.

Sasa si kila kitu. Usiende supamaketi ukamwambia msichana wa kaunta akupunguzie unga na maziwa, hiyo bei iko kwa mashine na yeye hana ruhusa ya kuigusa, utamchelewesha bure na watu nyuma yako wataguna. Hii maneno inafanya kazi kwa vitu vizito, friji, televisheni, jiko, kochi, godoro, vitu za kununuliwa mara moja kwa miaka mingi. Hapo enda katikati ya wiki asubuhi kama duka ni tupu, si Jumamosi mwisho wa mwezi watu wakiwa wamejaa mpaka mlangoni. Zungumza na mtu wa sales polepole na umuulize kama meneja ako, kwa sababu mara nyingi huyo kijana anaweza kutoa kidogo tu na mwenye anaweza kutoa zaidi amekaa ofisini nyuma. Ile ya maonyesho imewekwa mbele watu wakifungua wakifunga mlango siku nzima, iulizie hiyo. Na wakikataa kabisa kushusha pesa usiondoke bado, waambie basi walete nyumbani bila malipo ama waongeze ile gadi ya friji ya kuzuia stima ikiruka, juu na stima yetu hii unaijua.

Kitu kimoja siwezi kukinyamazia. Mtu akikuambia atakupunguzia lakini bila risiti, na hii sana sana ni huko chini tao, toka hapo. Ile VAT ya 16% ndiyo anaichezea na wewe ndiye utakosa waranti, friji ikianza kunguruma baada ya miezi miwili utaenda kumwonyesha nini?

Sasa bwana yako. Hiyo ya watalii haikuwa na maana. Luthuli na mkwaruzo ni hoja, mtu anaweza kuzijibu, lakini huyo kijana hakuandika hiyo bei na kumwongelesha hivyo mbele ya watu ni kumfanya akaze. Mwambie hivyo, lakini usianze na hiyo. Anza na gari. Kwa sababu mwanangu, elfu nne na kitu alizookoa ni za nyumba yenu nyote wawili, alikuwa anapigania kitu cha jikoni mwako, akageuka kukuangalia na hukuwa hapo. Ungesimama tu kando yake kimya, hata ukiangalia mikrowevu, angejua ako na mtu. Hao wawili nyuma yenu unaowaogopa huwajui na hawakujui, na mimi naweza kukuapia mmoja wao alienda kwa kijana huyo huyo akasema "na mimi pia nifanyie 64".

Kwa hivyo leo jioni mwambie pole, maneno mawili, bila "lakini". Halafu kitu kikubwa kinachofuata, nasikia watu wakishapata friji huwa wanataka jiko la oveni, enda ukaulize wewe mwenyewe na yeye akae kwa gari. Ukitetemeka ni sawa, mimi mara ya kwanza nilisahau hata jina la kitu nilikuwa nimekuja kununua.

Na uulize kama kile kikaratasi cha waranti kilipigwa muhuri, juu wewe ulikuwa nje.