Kabla ya Kujaribu, Andikeni Mtakapokomea

Katika miaka niliyoratibu miradi ya wakulima wa alizeti mkoani Singida, kosa lililonifundisha zaidi halikuwa kuthubutu, bali kuthubutu kwa mali ya watu wengine. Kwa kuwa fedha za mfadhili zilipaswa kutumika kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, tulivishawishi vikundi vyote kwa mara moja kupanda mbegu mpya kwa mkopo, na mvua zikakatika mwezi Machi. Shirika letu liliandika taarifa na kuomba fedha nyingine; wanakikundi walipoteza msimu mzima na kubaki na deni. Mama mmoja aliniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "Mwanangu, ninyi mmepoteza nini?"

Tangu hapo siingii katika jaribio lolote pasipo ukurasa mmoja uliosainiwa na mkurugenzi na bodi, unaosema tutaanzia vijiji gani vichache, kiasi gani tuko tayari kukipoteza, nani atawafidia wakulima mambo yakienda mrama, na tukiona dalili ipi tutasimama. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu watumishi wakishaajiriwa na nembo zikishachorwa kwenye magari, kila mmoja hupata sababu ya kuomba msimu mmoja zaidi.

Ndiyo maana naliheshimu shirika la Evidence Action, ambalo mradi wake wa No Lean Season uliwakopesha wanavijiji maskini wa kaskazini mwa Bangladesh nauli ya kwenda kutafuta vibarua katika miezi ya njaa kabla ya mavuno. Utafiti wa awali, ulioanza mwaka 2008, ulitoa matokeo ya kutia moyo; lakini mradi ulipopanuliwa na kupimwa upya, mikopo haikuongeza idadi ya waliosafiri, na mwaka 2019 shirika likatangaza hadharani kwamba linaufunga. Wangeacha kupima baada ya kupanua, wafadhili wasingejua lolote.

Mfadhili naye aelezwe mapema kwamba jaribio linaweza kushindikana. Wawili niliowaeleza hivyo, mmoja alikataa, mwingine akatutengea fungu dogo.

Kwa fungu hilo tulijaribu katika vikundi viwili tu, mbegu zikitolewa na shirika bila mkopo. Kimoja kilivuna chini ya kiwango tulichokiandika, nasi tukaacha, ingawa afisa wetu wa ugani alinuna wiki nzima, na huenda hakukosea kabisa.