Wasomaji Wauliza: Ukungu Kwenye Picha

SWALI: Nachora kwa rangi za mafuta nikiiga picha za kamera. Nikijaribu kutia ukungu, yaani kufifisha mistari ya picha, kama mchoraji Gerhard Richter wa Ujerumani, rangi zinageuka tope na sura inapotea. Tatizo ni nini?

JIBU: Aghalabu tatizo ni mawili: rangi nene na brashi chafu. Brashi inazoa weusi wa nywele na kuupaka shavuni. Tumia brashi bapa, laini na kavu kabisa, yenye upana wa sentimita 5 hadi 8, na uifute kwa kitambaa kila baada ya mpitisho. Anzia penye mwanga uelekee penye giza, tena kwa mkono mwepesi. Turubai iwe ya nyuzi laini, iliyopigwa msasa baada ya kupakwa rangi ya msingi, la sivyo vinundu vyake vitakwaruza rangi.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kuanza na ukungu. Tangu miaka ya 1960, Richter alikuwa akiimulika picha kwenye turubai kwa projekta, anafuatisha mistari, anachora kila kitu kikiwa wazi, kisha ndipo anapitisha brashi juu ya rangi mbichi. Kwa hiyo kamilisha macho na pua kwanza. Zidisha pia tofauti ya mwanga na kivuli, kwa sababu brashi itaipunguza. Tazama “Onkel Rudi” ya mwaka 1965: mjomba wake amesimama na sare ya jeshi la Hitler, anatabasamu. Tabasamu bado linaonekana! Ukungu unaofuta kila kitu hausemi chochote.

Fanya kazi hii siku ileile. Rangi za kahawia za amba (umber) huwahi kukauka, na akriliki, rangi inayochanganywa na maji, haikupi hata nusu saa. Ikiharibika, usiendelee kupiga brashi; kwangua sehemu hiyo kwa kisu cha rangi uichore upya.

SWALI: Je, ukungu wa kompyuta ni sawa na wa lenzi?

JIBU: Hapana. Lenzi hutawanya mwanga kabla haujarekodiwa, hivyo taa inakuwa duara linalong’aa. Programu hupokea taa ambayo tayari imekatwa kwenye kikomo cha weupe, ikaichanganya na giza la jirani, ikatoka kijivu. Mpiga picha Hiroshi Sugimoto wa Japani, katika picha za majengo alizoanza mwaka 1997, aliisogeza lenzi kupita alama ya umbali usio na mwisho, ili majengo yatoke na ukungu. Nawe vuruga fokasi ukiwa bado unapiga picha.