Mashine ya kahawa inanguruma, maji hayatoki

Swali: Mashine yangu ya kahawa inanguruma, lakini maji yanatoka tone tone. Bisibisi ninayo. Nianzie wapi?

Jibu: Iweke chini kwanza hiyo bisibisi, ndugu yangu. Chomoa plagi, uiache mashine ipoe kabisa. Mara nyingi kinachoziba ni chokaa ya maji (ule ukoko mweupe unaoachwa na maji), nayo huyeyuka kwa asidi ya sitriki, ile asidi iliyomo kwenye ndimu, bila kufungua chochote. Kisha suuza vizuri. Ikigoma, tazama chini ya miguu ya mpira, skrubu hupenda kufichwa humo. Piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Mimi niliwahi kutegemea kumbukumbu, nikakesha. Mpira wa kuzuia maji ukikakamaa, weka mpya. Na fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikipata joto kupita kiasi, ikikatika, tafadhali usiunganishe waya kuikwepa: ndiyo inayozuia moto.